Taa ya Zamu

Jumapili, 29 Septemba

Daftari hili lilinunuliwa kwa ajili ya fizikia. Lakini Madam Ghati, mwalimu wetu, anasema mwanafunzi wa sayansi huandika alichokiona siku ileile alipokiona, maana asiyeandika huishia kubishana na kumbukumbu yake mwenyewe. Basi fizikia itakaa mbele, na ya nyumbani nitayaandika huku nyuma. Mtihani wa kidato cha nne unaanza tarehe 11 Novemba. Zimebaki wiki sita.

Nyumba yetu hapa Kasulu ina vyumba vinne na taa moja. Taa iko sebuleni. Ni balbu ya zamani, ya kioo, yenye uzi ndani, na Baba hataki nyingine kwa sababu anasema mwanga mweupe unamfanya ajione yuko wodini. Chini ya taa hiyo Mama anashona, Baba anasikiliza redio, wageni wanakaa, na mimi natakiwa nisome, ingawa kwenye kelele za redio na cherehani hakuna kinachoingia kichwani. Chumba cha nyuma, ninamolala na Bibi, hakina kitu. Leo baada ya misa Baba amesema mbele ya watu wote kwamba wiki hii nitawekewa taa yangu. Bibi amepiga vigelegele. Nimeshasogeza meza chini ya dirisha na kuifuta mara mbili.

Mawingu yamekaa juu ya milima ya Heru na hayashuki.

Jumanne, 1 Oktoba

Fundi Hashimu alikuja saa kumi jioni. Ni rafiki wa Baba tangu ujana wao. Ana duka la vifaa vya umeme karibu na stendi, na nusu ya soketi za mtaa huu ni kazi ya mikono yake. Ni mnene, mcheshi, anaongea Kiswahili cha Ujiji, na hata Bibi, asiyecheka ovyo, humchekea.

Baba alimletea ngazi apande darini. Fundi akaisukuma pembeni.

"Darini nifuate nini, Felician, popo? Umeme umeshuka wenyewe mpaka hapa kwenye swichi. Mgeni akishafika mlangoni, unamfuata tena njiani?"

Akafungua swichi ya sebuleni. Ndani mlikuwa na nyaya mbili, zote nyeusi. Nyumba hii ilifungwa umeme kwa waya uliokuwa ukiuzwa sokoni mwaka kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, na wote ulikuwa wa rangi moja. Fundi akaunganisha waya mpya mmoja kwenye huu, wa pili kwenye ule, akazipitisha nyaya zake juu ya mlango hadi chumbani kwetu, akafunga holda, kile kishikio cha balbu, na balbu nyeupe ya kisasa. Tester yake, ile bisibisi ya kupimia umeme, ilikuwa mfukoni mwa shati, kama kalamu ya mwalimu. Haikutoka mfukoni.

"Fundi, hupimi kwanza?" nikauliza.

"Napima kwa kuwasha, binti."

Akawasha. Taa ya sebuleni ikawaka. Yangu haikuwaka. Akazima. Ya sebuleni ikazimika, na kutoka chumbani nikasikia Bibi akipiga kelele: "Yewe! Imewaka!"

Akawasha tena: sebuleni mwanga, chumbani giza. Akazima: chumbani mwanga, sebuleni giza. Tukasimama tunatazamana. Niliona waziwazi kwamba hata yeye hakulitarajia hilo. Lakini Fundi Hashimu hakosi neno.

"Taa ya zamu!" akasema. "Nyumba nyingine taa zinawaka kila chumba na watu hawamo. Hapa mmoja akifanya kazi, mwenzake anapumzika."

"Haziwezi kuwaka zote kwa pamoja?" Baba akauliza.

"Hata ukizibembeleza."

Baba akacheka mpaka akashika magoti. Nikauliza mimi nitasoma saa ngapi.

"Wenzako wakimaliza," akasema Baba.

 Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na alipomaliza akawasha swichi ili aendelee kushona. Chumbani kwangu pakawa giza.

Jumatano, 2 Oktoba

Baba alisikiliza taarifa ya habari, kisha michezo, kisha maoni ya watu kuhusu michezo. Nimesoma kurasa mbili.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kurasa tatu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua ya kwanza! Tumepanda maharage nyuma ya nyumba, Bibi akichimba na mimi nikitupia mbegu. Umeme ulikatika jioni nzima. Leo tumekuwa sawa wote.

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo ubaoni nimeipata sababu.

Baada ya kipindi nilimchorea Madam Ghati taa zetu ubaoni: swichi, nyaya mbili, balbu ya sebuleni, balbu yangu. Akatazama, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akawageukia wenzangu waliokuwa wakifungasha madaftari.

"Kwenye swichi ya taa kuna nyaya ngapi?"

"Mbiliii!"

"Mmoja," akasema Madam. "Umekatwa katikati. Swichi ni daraja. Ukiwasha, umeshusha daraja, ukizima, umelipandisha. Hizo mnazoziona ni kingo mbili za barabara ileile."

 Kisha akanionyesha kwa kidole kosa la Fundi. Kwenye soketi nyaya mbili ni mbili kweli: wa moto unaoleta umeme, na wa baridi unaourudisha. Ukichukua zote mbili umepata taa. Fundi amezoea soketi. Alidhani swichi nayo ni hivyohivyo, akaifunga taa yangu kutoka ukingo huu wa daraja hadi ukingo ule. Daraja likiwa chini, umeme unapita darajani na mimi naachwa. Daraja likipandishwa, umeme hauna njia ila kupitia kwenye balbu yangu, kisha kwenye ile ya sebuleni, ndipo urudi. Balbu yangu hutosheka na kidogo, kwa hiyo inawaka. Ile kubwa hicho kidogo hakiipashi hata uzi, kwa hiyo inakaa kimya na kuupitisha tu.

Kwa hiyo taa yangu haikuunganishwa na umeme. Imeunganishwa na giza la Mama.

Madam alipofuta ubao hakuwa anatabasamu tena. "Loyce, kuna jambo lingine, na hili ndilo kubwa. Swichi ikizimwa, ile holda ya sebuleni haijafa. Moto unaifikia kwa kuzunguka kupitia taa yako. Mwambie baba yako asiiguse kabla ya kuzima meinswichi, ile kubwa ya nyumba nzima. Umesikia? Meinswichi."

Nimesikia. Nimeandika. Nimepigia mstari.

Jumanne, 8 Oktoba

Nilimwambia Baba wakati wa chakula, kwa adabu, kwa mpangilio, huku nikimwonyesha mchoro. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akamega ugali.

"Sasa unataka nikamwambie Hashimu kwamba binti yangu amemkosoa?"

"Mwambie Madam Ghati amemkosoa."

"Madam Ghati wako ametoka mkoani Mara juzi. Hashimu amefunga umeme hapa Madam wako akiwa hajui kushika kijiko."

"Baba, ile holda ina moto hata ikizimwa."

"Ikizimwa imezimwa. Ndiyo maana ikaitwa kuzima."

Akaongeza sauti ya redio. Mtu mzima aliongeza sauti ya redio ili asiisikie sheria ya umeme.

Jumatano, 9 Oktoba

Nilipita dukani kwa Fundi nikitoka shule. Kulikuwa na wateja wawili. Nikamwamkia, nikamwomba aje aitazame swichi tena, nikamwonyesha mchoro. Aliuinua juu wateja wauone.

"Jamani, tumepata Injinia wa Daftari! Umeme wa kwenye karatasi haujawahi kumuua mtu, binti. Na wa kwenye karatasi haujawahi kuwasha taa."

"Lakini wa kwako nao hauwashi, Fundi. Unawasha nusu."

Wateja wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Akanirudishia karatasi. Alikuwa bado anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa yameacha.

"Msalimie baba," akasema.

Maana yake nilishtakiwa. Nilipofika nyumbani Baba alikuwa ameshapigiwa simu. Nimeambiwa nisiwaaibishe wakubwa mbele za watu. Sikumwaibisha mtu. Nilimwomba atumie tester iliyo mfukoni mwake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua. Mama amepata kazi ya sare za kwaya, nguo ishirini na sita, na zinatakiwa kabla ya Novemba. Anashona kila jioni. Nimekaa chumbani gizani nikisikiliza cherehani yake: tatatatata, kimya, tatatatata. Nikatoka nikamwambia neno ambalo sasa linanikera:

"Kila mshono wako, Mama, ni mstari wangu mmoja."

 Hata kichwa hakuinua.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimewaza hivi. Tatizo letu ni waya wa baridi, na waya huo uko juu ya dari ya sebuleni, pale taa ilipofungwa. Chumba chetu hakina dari. Nikiweka ngazi ukutani nitafika juu ya ukuta na kuiona dari ya sebuleni yote kutoka juu. Meinswichi ikiwa imezimwa, hakuna hatari. Naweza angalau kutazama kama waya upo, Fundi akose sababu.

Niliweka ngazi. Bibi aliingia akanikuta kwenye kipago cha pili.

"Shuka."

"Natazama tu, Bibi."

"Oya, hapana. Msichana hapandi juu ya nyumba ya baba yake. Akipanda amewatangazia watu kwamba nyumba haina mwanamume. Mimi sikupanda, mama yangu hakupanda, na wewe hutapanda. Shuka, mwana wanje, mwanangu, kabla sijakuita kwa jina la pili."

Nikashuka. Wanaume wa nyumba hii wanaruhusiwa kupanda na hawataki. Mimi nataka na siruhusiwi. Mtu anieleze hesabu hiyo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua. Kurasa mbili.

Jumatano, 16 Oktoba

Jambo la ajabu. Baba amelala Manyovu, lori la maharage alilosafiri nalo limekwama kwenye tope. Saa moja na nusu, mapema kabisa, taa yangu ikawaka. Nimesoma kurasa kumi na nne na kufanya maswali yote ya mawimbi. Nadhani Mama amechoka akalala.

Alhamisi, 17 Oktoba

Tena! Saa moja kamili. Kurasa kumi na moja. Moyo wangu umekuwa mwepesi. Huenda kazi ya sare imepungua.

Ijumaa, 18 Oktoba

Haikupungua.

Saa mbili nilitoka kwenda kunywa maji. Ili nifike mtungini lazima nipite sebuleni. Kulikuwa na giza, lakini cherehani ilikuwa inaenda, polepole, tata, tata, tata. Mama alikuwa ameketi palepale pake. Simu yake ndogo ameibana katikati ya kidevu na bega, kurunzi yake inamulika sindano tu, sehemu isiyozidi upana wa sarafu. Kichwa amekilaza upande kama mtu anayeumwa shingo. Nguo ilikuwa nyeupe, ndiyo maana aliweza kuiona.

"Mama."

Akashtuka, simu ikaanguka.

"Umemaliza kusoma?" akaniuliza. Ndilo alilouliza.

"Kwa nini hukuwasha?"

"Ningewasha, wewe ungesomea nini?"

 Wiki nzima nilikuwa nikimhesabia mishono. Nikaenda kwenye swichi nikawasha, taa ya sebuleni ikawaka, na nikaona macho yake: mekundu, yanatoa machozi kwa mwanga. Akainuka akazima. Nikawasha. Akazima.

"Loyce. Nenda kasome."

"Siwezi kusoma kwa macho yako, Mama."

"Utasoma. Mimi niliacha darasa la saba kwa sababu taa ya kibatari ilikuwa ya kaka zangu." Akaokota simu, akaifuta kwa kanga. "Mimi sitabishana nawe juu ya swichi."

Nilikwenda. Nimesoma ukurasa mmoja mara tano na sijui umesema nini. Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Sina hasira na Mama. Nina hasira na watu wazima wawili ambao wanajua nyumba hii ina kosa, na wanaona ni heri mwanamke apofuke kuliko mwanamume mmoja aseme "nilikosea".

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimemwambia Bibi nilichokiona jana. Ameendelea kuchambua maharage. Kisha akasema, "Ego, ndiyo. Nilijua." 

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua kubwa, radi. Maharage yameota. Baba amerudi, redio imerudi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimemkumbusha Baba kuhusu holda. Mara ya tatu. "Nimesikia, Injinia," akasema. Jina hilo limehamia nyumbani sasa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu, kwa sababu nimeshaanza kusikia yakisimuliwa vingine.

Jana jioni balbu ya sebuleni iliungua. Taa zote mbili zikafa, jinsi Madam alivyoonyesha ubaoni: njia ya kurudi ya umeme imekatika, hakuna anayepata. Leo Baba alikuja na balbu mpya saa kumi na moja jioni. Nje kulikuwa bado na mwanga. Mama alikuwa kwenye cherehani, Bibi kwenye kigoda chake chini ya swichi, mimi mlangoni.

Nikasema: "Baba, tuzime meinswichi kwanza."

Akasema: "Swichi imezimwa." Akamgeukia Bibi, mama yake: "Mama, imezimwa?"

Bibi akainua mkono akaishika swichi. "Imezimwa."

Nikasema tena: "Meinswichi, Baba." Nilianza kutembea kuelekea ilipo, ukutani kwenye korido. Akaniambia kwa sauti kubwa nisimame nilipo, nimezidi.

Nikasimama. Hilo ndilo kosa langu katika siku hii, na ninaliandika.

Baba akapanda kwenye kiti cha chuma, miguu mitupu, yenye maji ya mvua. Akazungusha balbu. Kioo kikatoka, kitako chake kikabaki ndani ya holda. Akaingiza vidole viwili akivute.

Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Haikuwa kelele, ilikuwa kama kukohoa. Mkono ukaruka, kiti kikaenda huku na yeye kule, akaangukia cherehani, na kutoka cherehani hadi sakafuni, mkono wa kulia ukiwa chini yake. Mama akapiga yowe. Mimi nikakimbia kwenye meinswichi nikaishusha.

Nikarudi. Baba alikuwa ameketi sakafuni, uso umekuwa rangi ya majivu, kiganja kimepinda kisivyopaswa. Akatazama huku na huku. Akaniona mimi.

"Nani amewasha swichi?"

Akaninyooshea kidole cha mkono mzima.

"Loyce! Kwa nini umewasha? Ulitaka kunionyesha kwamba unajua?"

 Kwa wiki tatu nimekuwa na maneno ya kutosha, leo yaliniacha. Nilimuonya mtu mara nne, na wa kwanza kushtakiwa ni mimi.

Bibi ndiye aliyesema. Hakuinuka kwenye kigoda.

"Felician. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi. Toka ulipopanda mpaka ulipoanguka sikuutoa. Hata sasa upo. Tazama."

Tukatazama. Mkono wa Bibi ulikuwa bado umeinuliwa ukutani, vidole vimefunika swichi, kama mtu anayemziba mtoto mdomo.

"Imezimwa," akasema Bibi. "Na umeme umekupiga. Sasa mtukane aliyekuambia."

Mama amempeleka Baba hospitali kwa bodaboda. Mfupa wa kiganja umevunjika.

Jumapili, 27 Oktoba

Baba amefungwa plasta hadi kwenye kiwiko.  Fundi Hashimu amekuja kumjulia hali, na kilo mbili za sukari, na uso wa msibani. Aliketi, akampa pole, akashusha pumzi.

"Watoto hawa," akasema. "Huwa wanachezea vitu."

Bibi akainua fimbo yake akamgusa nayo mfukoni, pale ilipo tester. Hakumpiga. Alimgusa tu.

"Hashimu. Hicho kidude ni pambo?"

"Ni cha kupimia, bibi yangu."

"Pima."

Akainuka. Akavaa kandambili za Baba. Nikarudisha meinswichi, swichi ya taa ikabaki imezimwa, Bibi ameishika kama jana. Fundi akapanda kwenye kigoda cha mbao, akakigusa kile kitako cha balbu kilichobaki kwenye holda kwa ncha ya tester. Ndani ya mpini wake, chini ya kidole gumba, kitaa kidogo cha rangi ya chungwa kikawaka.

Akaondoa. Akarudisha. Kikawaka.

 Alishuka polepole, jasho linamtoka, na safari hii hakuwa na utani.

"Kwenye soketi natoa umeme siku zote," akasema, kama anajieleza mwenyewe, "na inakubali."

"Kwenye soketi nyaya ni mbili kweli, Fundi," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Kwenye swichi ni mmoja, umekatwa."

Akanitazama.

"Ulikuja kuniambia," akasema. "Dukani. Nikawachekesha watu." Kisha akamgeukia Baba. "Felician, mtoto hakuchezea kitu. Nimechezea mimi."

Baba akatazama plasta yake. Fundi akakata nyaya zake zote mbili kwenye swichi, akaziba ncha kwa utepe, akasema ili kuifunga vizuri lazima mtu apande juu, na dari ya sebuleni imelowa, haitambeba yeye. Atatafuta mtu, na hadi hapo holda ya sebuleni isitiwe balbu.

Jumatano, 30 Oktoba

Hajapata mtu. Mvua, na vijana wote wako mashambani. Ninasomea jikoni, kwa moto wa kuni. Mama anashona mchana tu.

Jumamosi, 2 Novemba

Asubuhi Bibi aliiburuta ngazi mwenyewe kutoka nyuma ya nyumba. Aliiegemeza ukutani chumbani kwetu. Kisha akaniita, akamwita Fundi kwa simu ya Mama, akamwita Baba.

"Loyce atapanda," akasema.

Baba akasema: "Mama, wewe mwenyewe ulisema—"

"Nilikataza juu ya nyumba. Juu ya nyumba ni kule mvua inakopiga. Huku mvua haipigi. Nilipoolewa niliweka mahindi darini kwa mikono yangu, na baba yako akayala. Aliwahi kuniuliza nilipandaje?"

"Bibi," nikasema, "mbona hukusema hivyo siku ile niliyopanda?"

Akanitazama. "Siku ile nilikuwa sijamwona mwanangu akianguka."

Fundi alipofika, Bibi alishusha meinswichi kwa fimbo, akaweka kigoda chini yake, akaketi, na fimbo akailaza magotini.

"Atakayetaka kuiwasha ataanza na mimi."

Nilipanda. Nilivaa suruali ya michezo ya shule. Juu ya ukuta kulikuwa na vumbi la miaka na kiota kikavu cha ndege. Nikalala kifudifudi juu ya boriti nikimulika kwa kurunzi, na pale juu ya taa ya sebuleni nikauona: waya wa tatu, ambao haushuki kwenye swichi, unaotoka kwenye taa na kurudi moja kwa moja kwenye meinswichi. Siku zote ulikuwa hapo.

"Umeuona?" Fundi akaita kutoka chini.

"Nimeuona."

"Una hakika ni huo? Zote si nyeusi?"

"Tester, Fundi. Nirushie."

Akanirushia. Tukafanya kwa hatua. Nilitoa mikono na kukaa mbali, Bibi akaombwa ruhusa, akarudisha meinswichi, nikaugusa waya huo kwa ncha, kitaa hakikuwaka. Kwenye wa pembeni yake kikawaka. Bibi akashusha tena, akatangaza kwa sauti: "Imekufa!" Ndipo nikaunganisha jinsi Fundi alivyonielekeza: nimenya kiasi gani, nisokote upande upi, nifunike vipi. Lazima niseme kweli, mikono yake inajua mambo ambayo Madam hakutufundisha. Fundi alitoa waya mmoja tu kwenye swichi ya sebuleni, ule ulio na moto siku zote, akaupitisha kwenye swichi mpya pembeni ya mlango wetu, na mimi nikamshushia wa baridi kutoka juu.

Tulipomaliza alijifuta jasho. "Kwa mteja wangu mmoja, mzee Nduwayezu, nako nilitoa umeme kwenye swichi," akasema polepole.

"Anasemaje?"

"Anasema taa yake ina akili." Hakucheka. "Nipe ule mchoro wako, Loyce. Nitapita kwake jioni hii hii."

Hakuniita Injinia. Aliniita Loyce.

Jumapili, 3 Novemba

Kanisani nilimsikia Baba akiwaambia watu: "Hashimu ameshairekebisha." Hashimu! Nilikuwa na utando wa buibui kwenye nywele bado. Nimeamua kutosema kitu. Nimeamua kuandika.

Jumanne, 5 Novemba

Fundi aliacha tester yake juu ya dirisha letu. Nimempelekea dukani. Amesema si yake, yake anayo mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu.

Alhamisi, 7 Novemba

Kurasa kumi na tisa. Sare ishirini na sita zimekabidhiwa hatimaye, kwa kuchelewa.

Jumapili, 10 Novemba

Kesho ndiyo kesho. Mvua ilipita mchana, ikaacha harufu ya udongo. Maharage yametoa maua.

Saa moja jioni Baba alikuja akasimama mlangoni kwetu. Redio ilikuwa imezimwa. Sikumbuki jioni nyingine ya namna hiyo. Alitazama taa, akaitazama swichi yangu, akaiwasha na kuizima kwa mkono wa kushoto, kama anayebisha hodi.

"Ile ya kwamba waya ni mmoja," akasema. "Nieleze tena."

Nikachukua karatasi. Nikachora barabara, nikachora daraja. Aliinama hadi plasta ikagusa meza. Nilipofika mahali ambapo umeme unazunguka kupitia taa yangu hadi kwenye holda, akaweka kidole juu ya mstari huo na hakukiondoa haraka.

"Hapa," akasema.

"Hapo, Baba."

Akaitikia kwa kichwa. Akaikunja karatasi kwa mkono mmoja, akaitia mfukoni, akatoka. Alipofika korido nikasikia akisema, si kwa sauti kubwa, lakini kwa kusudi nisikie: "Uliniambia."

Sasa nasoma. Bibi amejifunika kanga usoni kwa sababu ya mwanga na anasema sitaki alale. Nimesikia Mama akivuta kiti, cherehani ikalia mara moja, ikanyamaza.

"Loyce!" akaita kutoka sebuleni. "Nimewasha huku. Yako ipo?"

Nikainua macho.

"Ipo, Mama."

"Basi soma."